Roma Iliyonipita

Nimetoka nyumbani juzi, vumbi la Manyoni bado liko kwenye viatu. Bodaboda alinipitisha nyuma ya shule yetu ya msingi, chini ya Kilimatinde, nikamwambia asimame. Palipokuwa na shamba la alizeti la mwalimu wetu wa historia sasa ni vichaka vitupu. Nikacheka peke yangu, maana mimi na lile shamba, ndugu yangu, tuna kesi ya siku nyingi.

Enzi zetu, kila Ijumaa darasa la sita tulibeba majembe kwenda kupalilia kwa mwalimu. Hakuna aliyeona ajabu. Wala hatukuchukia, kwa sababu mwalimu alipita katikati ya mistari akisimulia, na yule mtu alijua kusimulia bwana! Darasani alifuata muhtasari, hatua za jamii: ujima, utumwa, ukabaila, ubepari, tunaitikia kama kwaya. Dola ya Roma aliifungulia shambani. Alisema tusidanganywe kwamba dola ile iliangushwa na wafalme wabaya tu au maadui wa nje. Tutazame nani alishika jembe na nani alikula. Walimaji walikuwa watumwa, mavuno yakaenda kwa mabwana, na mtumwa hana sababu ya kulima vizuri. Mimi niligombania mstari ulio karibu naye nisikose hata neno.

Nyumbani nilimsimulia bibi huku akichambua mlenda. Bibi hakujua kusoma, lakini alikuwa na sheria moja: majirani wakija kumlimia hawaondoki bila ugali wa uwele na togwa, hata kama ghalani kumebaki vumbi. Akaniuliza kwa Kigogo hao watumwa wakimaliza kulima walipewa nini. Nikamwambia hawakupewa kitu. Akaendelea kuchambua, halafu akauliza na sisi, kwa mwalimu, tunapewa nini.

Jumatatu nikanyoosha mkono. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

"Mwalimu, sisi tunaolima kwako na kurudi na njaa, tuko hatua gani? Utumwa au ukabaila?"

Nikasubiri fimbo. Mwalimu akafuta ubao ambao haukuwa na kitu, akasema, "Kuanzia Ijumaa hii, wewe usije shambani."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Ujinga mtupu! Ijumaa ilipofika nilikaa darasani peke yangu, nikisikia wenzangu wakicheka kule kwenye alizeti. Mwalimu alikuwa amefika pale watumwa wanapoanza kugoma. Niliwauliza wenzangu ikawaje, wakasema nikamuulize bibi yangu, maana nilishawaambia swali lilikuwa lake. Wiki baada ya wiki Roma iliendelea kuanguka bila mimi. Iliniuma, sikufichi. Nilimpenda yule mwalimu kuliko walimu wote, na swali langu lilikuwa la haki, na sikujua niyaweke wapi hayo mawili.

Basi juzi nikapita kwake. Amezeeka, anatembelea mkongojo. Akaipokea shikamoo yangu, na kabla ya neno lingine akamwita mjukuu wake alete chakula. Ukaja ugali wa uwele na mlenda. Hakunigusia habari yoyote mpaka nilipomaliza na kunawa. Ndipo nikamwambia nimefuata mwisho wa Roma, maana ulinipita.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaelekeza mkongojo kule vichakani.

"Waliokuja baada yenu walianza kuumwa tumbo kila Ijumaa, mmoja mmoja. Sikuwafuata. Nikabaki na jembe langu. Ndivyo ilivyoisha."

Bibi hayupo, alizeti hazipo, na watoto wa sasa hawamlimii mwalimu yeyote, na hiyo ni haki yao, nitaitetea popote. Lakini ningepewa Ijumaa moja tu ya zamani, ningechukua jembe, nikapalilie na njaa yangu, mstari wa karibu naye.