Pale Sindano Inapoteleza

Shughuli yote ilikula shilingi elfu arobaini na sita za Uganda, ukiongeza mia tatu na hamsini za Kenya. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza zilipungua elfu mbili kwa sababu nilisahau soda ya shangazi, ambayo hakuiomba lakini aliinywa yote.

Mimi huuza vifungo, zipu, nyuzi na sindano za cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Kazi ya vifungo humfundisha mtu kurudia hesabu. Ukimwamini mwenye duka la jumla anayekuambia pakiti ina vifungo mia, utakuja kugundua mwaka mzima umekuwa ukinunua tisini na sita. Kwa hiyo shangazi aliponipigia simu kutoka kijijini Kirewa akasema gramafoni imekataa, nilianza kwa kuuliza sawasawa.

"Imekataa nini hasa?"

"Imekataa kumalizia."

"Kumalizia nini?"

"Wewe njoo. Na usije mikono mitupu kama siku ile."

Siku ile nilikwenda na kilo mbili za sukari. Lakini shangazi huhesabu anavyotaka.

Gramafoni yenyewe ilikuwa ya babu yangu, baba yake shangazi. Ujanani alipiga tongoli, kinubi cha kwetu. Siku moja walikuja watu na gari lenye mashine ya kunasa sauti, wakamkalisha, akaimba, wakamlipa, wakaenda zao. Baadaye wakamletea santuri moja yenye sauti yake. Santuri bila mashine ni sahani tu, tena sahani isiyofaa hata kulia ugali, kwa hiyo akauza fahali akanunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Walimlipa shilingi chache, naye akatumia fahali mzima kujisikiliza. Napenda kuamini kwamba akili ya biashara niliirithi upande wa mama.

Mwishoni mwa wimbo ule babu anaacha kuimba, anasema. Anajitaja jina, anataja kijiji, kisha anamtaja mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa bado mchanga. Mtoto huyo ndiye shangazi. Baba yangu hakutajwa. Alizaliwa baadaye, na lile gari halikurudi. Shangazi alipokuwa msichana alilisikia jina lake mle ndani mara nyingi. Lakini kwa miaka mingi sasa sindano ilikuwa ikikaribia hapo inateleza, inakimbilia kwenye karatasi ya katikati na kukwaruza. Na sikio lake la kushoto limekwisha. La kulia, anasema, linafungasha mizigo.

"Nataka nisikie anavyonitaja," aliniambia nilipofika. "Kabla hili nalo halijaondoka."

Nikafungua skrubu ndogo, nikaitoa sindano. Nilitarajia ncha. Niliona kitu kama mguu wa stuli.

"Shangazi, hii sindano ni ya lini?"

"Ni hiyo hiyo."

"Hiyo hiyo ya lini?"

"Ya baba. Kila Krismasi naipitisha kwenye jiwe la kunolea visu, naigeuza upande, inaimba. Wewe unanunua kiatu kipya kila soli ikiisha?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimevaa kiatu kilichoshonwa mara tatu. Nikaifunga ile sindano kwenye kitambaa, nikarudi Busia, na kesho yake nikavuka upande wa Kenya kwa fundi wa redio ninayemfahamu. Yeye hununua kwangu zipu za begi lake la vifaa, hunilaumu zikikatika, kisha hununua nyingine. Akaiweka chini ya lenzi yake, akatazama muda mrefu kuliko ulivyohitajika, jambo ambalo mafundi hulifanya kabla ya kutaja bei.

"Mama Vifungo, hii si sindano tena. Ni msumari."

"Hata msumari una kazi. Sema unafanyaje."

"Unajua hizi zilikuwa zinapigwa upande mmoja wa santuri, halafu zinatupwa? Sindano moja, upande mmoja. Ziliuzwa kwa kopo zima."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikapiga hesabu ya Krismasi zote za shangazi kichwani, nikaona ni heri niketi.

"Huo ulikuwa wizi wa aina yake," nikasema.

"Chuma chake kilikuwa laini makusudi. Iishe sindano, santuri ibaki. Ukiweka chuma kigumu, itaisha santuri."

Hakuwa na kopo wala nusu kopo, na aliyekuwa nalo alikuwa mbali, tena alitaka pesa kwanza. Ndipo nilipopata wazo langu la fahari: mimi mwenyewe kibandani nina sindano za cherehani mia mbili na kumi, chuma safi, zinang'aa. Nikatoa moja mfukoni. Huwa natembea na sampuli. Nikamwambia aivunje pale kwenye tundu na kuinoa upya iingie kwenye kichwa cha gramafoni.

"Hiki ni chuma kigumu, madam. Nimekuambia sasa hivi."

"Ngapi?"

"Mia tano. Lakini wazee wengine walitumia mwiba. Kabisa, mwiba wa ua. Hata ni bure."

Hapo ndipo nilipoacha kumsikiliza. Mtu akiniambia kitu ni bure, mkono wangu huenda wenyewe kushika pochi. Nilidhani ananizungusha ili nichoke nilipe mia tano. Nikaanzia mia mbili, akacheka. Nikaanza kuondoka, akaniita. Tukakutana kwenye mia tatu na hamsini, na sindano mbili badala ya moja. Nilivuka kurudi nyumbani nikijiona mjanja.

Jumapili nikawa tena Kirewa. Shangazi alikuwa amevaa gauni la kanisani na kuiweka gramafoni mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Nilipoishika santuri ya babu akanizuia mkono.

"Anza na hii." Akanipa santuri nyingine, ya nyimbo za ibada. "Hizi ni za marehemu mume wangu. Yeye hana haraka."

Hilo ndilo lililotuokoa. Nilizungusha mkono wa mashine, nikashusha sindano yangu inayong'aa, na kwaya ikatoka kwa sauti kubwa mpaka kuku wakatawanyika. Nikamtazama shangazi kwa ushindi. Yeye alikuwa anatazama santuri. Mbele ya sindano unga mweusi ulikuwa unajikusanya, kama masizi, na nyuma yake kulikuwa na mfereji wa kijivu. Akanyoosha mkono, akainua sindano juu.

"Nilikutuma sindano," akasema, "umeniletea jembe."

Aliufuta ule unga kwa upindo wa kitenge, akalifuatisha lile jeraha kwa kidole. Nikaiwaza santuri ya babu, na maneno ya fundi yakanirudia yote, hata yale niliyoyakataa kwa sababu hayakuwa na bei. Nikatoka nje.

Ua wa shangazi ni wa mchongoma, miiba mirefu kama kidole. Nilichuma mmoja mbichi, nikauchonga kwa wembe, nikaufunga. Kwenye kwaya ulipinda kabla hawajamaliza ubeti. Nikaingia chini zaidi, kwenye matawi yaliyokauka.

"Unatafuta nini huko?" shangazi akaita. "Mbuzi mwenyewe hapiti hapo."

"Mbuzi hana shangazi."

Mwiba mkavu ulikuwa mgumu na wa kahawia. Nikauchonga, nikaurudia kuuchonga, nikaujaribu kwa kwaya. Sauti ilikuwa ndogo, kama watu wanaoimba chumba cha pili, lakini unga haukutoka. Basi tukaweka santuri ya babu.

Sijawahi kumwona babu yangu. Nilisikia nyuzi kwanza, kisha mtu mwenye mafua kidogo, akiimba kwa Kidhopadhola chetu kuhusu ng'ombe ambaye sikuelewa kama amepotea au ameibwa. Shangazi aliinama mpaka sikio la kulia likagusa mbao za mashine. Mwiba ukafika pale pa kuteleza. Ukatikisika. Ukapita. Nyuzi zikanyamaza na yule mtu akasema jina lake, akasema kijiji, akasema, "Nimeacha nyumbani binti," akataja jina ambalo shangazi amenikataza kuliandika, "analia usiku kucha, pesa ya leo ni ya sabuni yake."

Mashine ikaendelea kuzunguka bila kitu. Shangazi hakuinuka.

"Amesema," akasema.

"Amesema."

"Hiyo sabuni siikumbuki." Kisha akainua kichwa. "Weka tena."

Nikachonga mwingine, maana mwiba nao haumalizi pande mbili. Nikaweka tena, safari hii nikirekodi kwa simu ili sauti ihifadhiwe. Kwenye simu, pale pa jina, kuna jogoo. Tukarudia, pale pa jina akapita mtu wa bodaboda. Mara ya nne nikagundua kuwa jina lenyewe limepungua ukali, kama kifungo kilichosuguliwa. Nikampigia fundi. Akasema mwiba hauli sana, ila njia ile ilikwishaliwa na ile sindano iliyonolewa kwenye jiwe, na kilichobaki kila ukikipiga kinaondoka na kidogo. Ni mara ngapi zimebaki? Hajui. Labda kumi, labda mia. Bei ya namna hiyo siwezi kuijadili.

Mpaka leo imepigwa mara kumi na tisa; nimehesabu mara mbili. Shangazi haoni vizuri tena kuchonga, kwa hiyo miiba inatoka kwangu. Jana alinipigia akitaka kumi na miwili. Nikamwambia tuhifadhi, tupige Krismasi tu, wapo watoto wangu ambao hawajamsikia babu wa baba yao.

Nilikosea nikasema wa baba yao. Ni wa mama yao, yaani mimi. Naye hakunisahihisha hata. Aliuliza tu, "Mle ndani ametajwa nani mwingine?"

Nimekaa na wembe na rundo la miiba mikavu tangu asubuhi. Wanangu wana masikio mazima na miaka mingi mbele. Shangazi ana sikio moja, na hilo linaondoka. Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa na mzee wa namna hii nyumbani, naomba unishauri: nichonge mingapi?