Dari ya ngome imeishia jikoni

Jamani, leo huku Hail, pwani ya Waarabu, nimekula mishikaki iliyochomwa kwa dari ya ngome.

Sitanii.

Hata hatujaagiza, mama akaona rundo la kuni nyuma ya jiko. Akaenda kulishika.

"Hizi si kuni. Hizi boriti za mikoko ya Rufiji. Nnazijua."

Anazijua kweli. Babu akiuza boriti Unguja, na mama kakua akizihesabu kwa korija, ishirini ishirini.

Muuzaji, bwana mmoja wa Kizanzibari kama sisi, akafurahi. "Kweli, mama. Zimetoka kwenye ile ngome ndogo ya Mreno inayokarabatiwa mlimani. Wameweka vyuma, hizi wakazitupa. Makaa yake hayana mfano!"

Mama akachuchumaa. (Na magoti yale!) Akapanga vipande vitatu mchangani, ncha kwa ncha, mpaka boriti ikawa nzima tena. Akaipima kwa mkono wake.

"Mikono sita. Basi chumba cha Mreno kilikuwa na upana huu. Chumba hakiwezi kuzidi boriti yake."

Mreno kaja, kaondoka, karne zimepita, na mti wa kwetu ulikuwa bado umeshikilia dari. Mpaka mwaka huu.

Nikatoa simu nimpige picha.

Muuzaji akainama, akachukua kipande cha katikati. "Samahani mama, moto unafifia."

Mama akainuka. Akajipangusa mchanga, akakaa, akangoja sahani yake.

Nyinyi mngeondoka?

Sisi tulikula. Na mishikaki ilikuwa mitamu, wallahi.