Sakafu Imeoza

Mpaka leo nikimwona yule mtu natamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe.

Ni msimamizi wetu wa gereji, huku Sanaiya, mtaa wa viwanda hapa Doha. Mtu wa Mombasa, kasoma chuo cha Kurani tangu mdogo, Kiarabu anakimwaga kama maji. Mimi ni fundi bodi wa Tanga, Kiarabu changu cha kuokoteza barabarani. Nilipoajiriwa nikamkuta, nilishukuru. Nikajua nimepata ndugu.

Basi likaletwa gari kuukuu la kupandia milima ya mchanga. Mwenyewe ni Mkatari wa Umm Salal, kaachiwa na marehemu baba yake. Alitaka tulifufue ampeleke mama yake jangwani msimu wa baridi, akae kiti cha mbele kama alivyokuwa akikaa na mumewe. Watu hudhani gari la jangwani halishiki kutu. Thubutu! Hawa huyaingiza baharini kushusha boti, maji ya chumvi yakalala chini ya zulia miaka na miaka. Nilipobandua zulia la mbele, bati likamegeka mkononi kama andazi kavu. Boliti za kiti cha mama zilikuwa zimeshikilia kutu tupu.

Nikamwambia msimamizi, "Kaka, hapa ni kukata yote na kuchomelea bati jipya. Kiti hiki kikichomoka na mama wa watu huko mchangani, tumeua."

"Piga lami, tandika zulia. Alhamisi linaondoka."

"Haiwezekani!"

"Haya, muulize mwenyewe." Akapiga simu, akaongeza sauti, akanikabidhi.

Nikakusanya Kiarabu changu chote. "Sakafu kharban, baba. Lazim guss." Yaani imeharibika, lazima ikatwe.

Yule bwana alifoka mpaka simu ikakwaruza. La, la! Sagf usiiguse! Sagf ya baba yangu, iache ilivyo!

Mtu gani huyu, anaionea huruma kutu ya baba kuliko miguu ya mama? Msimamizi akachukua simu yake huku akicheka. "Si umemsikia?" Lami akaipaka kwa mkono wake, maana mimi nilikataa katakata.

Siku ya kuchukua gari, mwenyewe alikuja na mama yake. Bibi mtu mzima, ana fimbo, akanisalimu vizuri, akashika mlango wa mbele apande. Uzalendo ukanishinda. "Hajja, subiri," nikasema. Nikabandua zulia, nikakita bisibisi kwenye lami. Ikazama hadi mpini.

Mwenye gari akaruka. "Nini hii?"

"Sakafu!" nikapiga kelele. "Sakafu! Nilikwambia kwenye simu ukakataa!"

Akanitazama, akaitazama bisibisi, kisha akanyoosha kidole juu, kwenye paa lenye mikwaruzo ya miti ya hema la baba yake. "Sagf," akasema. Akaelekeza chini. "Hii ardhiya."

Lo! Neno tuliloazima kwao wenyewe, kumbe kwao ni paa! Mimi nalia na chini, mwenzangu anatetea juu.

Nikamgeukia msimamizi. Alikuwa anachunguza kucha zake.

"Ulijua?"

"Nani asiyejua?" akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, mwenye gari asielewe. "Lugha imekuponza, ndugu yangu."

"Ndugu yako nani? Lugha haijaniponza mimi! Wewe uliisikia ile simu neno kwa neno, ukacheka!" Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Mwenye gari akaagiza ikatwe yote. Niliikata kwa hasira, cheche zikiruka, nikachomelea bati nene kutoka mlango hadi mlango. Paa sikuligusa. Bibi alipokuja tena, alipanda, akagonga fimbo chini, ko ko ko, akacheka.

Msimamizi hajaondoka. Kila asubuhi ananiita, "Fundi, habari za kuamka?" kana kwamba hakuna lililotokea. Namjibu kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, hata kama nakosea. Kiswahili changu simpi tena.