Mafuta ya Sangara Kwenye Kibodi

Juzi Buswelu nilimwona fundi akipaka grisi kidogo kwenye waya ulio chini ya kitufe kirefu cha kibodi, kile cha kutenganisha maneno. Kilikuwa kizito, kikawa chepesi. Pua yangu ikakumbuka sangara.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akichapia watu kazi kibandani kwetu Nyakato. Mchana mmoja kitufe kama hicho kilikwama, na mzee mmoja alikuwa akisubiri ratiba ya mazishi ya mkewe. Baba akakidondoshea mafuta ya sangara.

“Baba Neema, unakaanga?” mama alisema, karibu alie.

Kikanata kabisa. Mama alikiinua kwa ukucha, akakibonyeza, wapi.

“Chapa hivyohivyo, mama,” mzee alisema. “Gari la maiti limeshafika.”

Majina ya wafiwa wote yakatoka yameshikana. Nilidhani msibani ndugu huandikwa hivyo.