Mahindi ya Mgeni

Grafu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Vitone vilipanda kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu, vimepangana kama ngazi, nami nikapiga makofi pale pale kwenye stoo ya vipuri huko Kambu. Mwalimu aliyekuwa akinifundisha Python, lugha ya kuiamuru kompyuta, hakupiga makofi. Aliinama akatazama kioo cha kompyuta, akaanza kucheka.

"Dada, Python imefikiria hizi namba zako ni majina," akasema. "Imezipanga tu vile zilikuja."

Kumbe maabara iliyopima mahindi yangu, pale ilipokosa kuona sumu, iliandika alama ya "chini ya moja" badala ya namba, na kwa sababu ya alama hiyo safu nzima ikasomwa kama maneno. Ngazi yangu haikuwa na maana yoyote. Nilikasirika kama kawaida yangu, nikasema mashine isiyojua namba ni namba haifai hata kupimia viazi. Mwalimu akanisukumia kiti na kuniambia niandike upya.

Tulikuwa tumefundisha pamoja Kathonzweni, yeye hesabu na mimi kilimo, kabla hajahamishwa. Watu wake ni wa upande wa Garissa, lakini yeye alilelewa hapo Kambu, kando ya barabara kuu, na Kikamba chake ni kizuri kuliko cha wanangu. Mumewe ana malori na duka la vipuri. Nilikuwa nimeanza shahada ya pili katika umri ambao wenzangu wanahesabu miaka ya kustaafu, na msimamizi wangu chuoni alikuwa amesema hatasoma grafu ya Excel, kwamba Excel ni ya wenye maduka. Basi kila Jumamosi nikawa naenda dukani kujifunza Python.

Data yangu ilikuwa mahindi. Nilikuwa nimezunguka Kanyangi, nilikozaliwa, nikichukua mfuko mdogo wa mahindi kutoka kila boma na kuupeleka maabara upimwe aflatoksini, ile sumu ya kuvu inayoingia mahindi yakipatwa na unyevu. Huioni, na kuchemsha hakuiondoi. Mwenye kuila kidogo kidogo huharibika ini, na mwenye kuila nyingi haendi mbali. Kwetu tunaijua, tumezika watu kwa sababu yake. Mwaka huo mvua ilinyesha mahindi yakiwa yameanikwa uani, na nilitaka kujua watu wangu wanakula nini.

Tulipokwisha kurekebisha ile safu, grafu ya pili ikatokea. Vitone vyote vililala chini kabisa, kwenye sakafu, isipokuwa kimoja kilichokuwa juu peke yake karibu kitoke nje ya picha.

Nilimpigia msimamizi simu. Hakuhitaji hata kufikiria.

"Hiyo ni outlier, madam, imetoka nje ya wenzake. Itoe, uendelee. Average yako itakuwa chini ya limit inayoruhusiwa, na hiyo ndiyo story."

Mwalimu alinionyesha jinsi ya kukitoa. Ulikuwa mstari mmoja tu wa maagizo. Nikauandika bila kosa hata moja, kidole kikawa juu ya Enter, ndipo akanishika mkono.

"Ngoja kwanza. Hii ni ya nani?"

Tuliiuliza kompyuta, ikatoa mstari mmoja wenye namba ya boma. Sikuhitaji kutafuta kwenye orodha yangu. Namba hiyo ilikuwa ya nyumba niliyozaliwa, ambamo mama yangu anaishi peke yake.

"Na ulichukua mahindi ya kila mtu namna moja?" akauliza.

Nilianza kusema ndiyo. Kisha nikamsimulia jinsi watu walivyonipokea, na nilisimulia kwa majivuno, kwa sababu nilikuwa nimeguswa. Nilikuwa nimetuma habari mapema kwamba nitapita. Kila nilipofika, mama mwenye nyumba alitoka na uteo, akaketi, akanichambulia mahindi punje kwa punje huku tukipiga gumzo. Yaliyovunjika aliyatupa kando na yenye madoa aliyatupa kando. Nilipewa mahindi meupe, mazima, ambayo hata kwa mbegu ungeyapenda.

"Na kwa mama?"

"Mama alikuwa anakama mbuzi. Aliniambia gunia liko nyuma ya mlango, nichote mwenyewe."

Mwalimu aligeuza kiti kunitazama.

"Kwetu mgeni akija anachinjiwa mbuzi mwenye amenona," akasema. "Sasa mgeni akienda kuandika kitabu, ataandika mbuzi zetu zote zimenona. Dada, hawa watu walikupa mahindi ya mgeni. Ni mama yako tu alikupa yenye wanakula."

Tangu mwanzo wa mwaka mama alikuwa akilalamika kwamba amejaa, kwamba chakula hakishuki, na sote tukawa tunamnunulia dawa za gesi. Nilitoka nje nikampigia simu, malori yakipita mbele yangu.

"Mwaitu, hayo mahindi ya gunia usipike tena," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba chetu. "Yako na sumu."

"Na nipike nini, mwiitu wakwa, binti yangu?"

"Nitakuletea unga."

"Na ya wengine iko aje?"

"Ya wengine imeonekana safi, lakini ni kwa sababu walichambua..."

"Kwa hivyo ni yangu peke yake," akasema.

Nilimweleza tena na tena kwamba si hivyo, kwamba pengine kijiji kizima kinakula sumu ile ile na ni yeye tu aliyesema kweli. Aliitikia eeh, eeh. Alikuwa ameshasikia alichosikia.

Msimamizi alikataa kupima upya kijiji kizima. Hakukuwa na fedha, alisema, na nilikuwa naleta siasa kwenye sayansi. Alikubali nyumba moja tu, ile ya kitone cha juu. Jumamosi iliyofuata nikafika Kanyangi na beli ya pakiti za unga. Gunia la mahindi lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Sikutaka mtu anichotee. Nilikunja mkono wa blauzi nikachota kutoka katikati, nikafunga mfuko mwenyewe. Mama alisimama mlangoni akinitazama, leso amejifunga juu ya tumbo, na sikuona ajabu yoyote.

Majibu yalipotoka, hakukuwa na sumu. Kitone cha mama kilishuka sakafuni na kulala na vya wenzake. Msimamizi alinitumia ujumbe kwamba sasa grafu inapendeza. Mwalimu alikuna shavu tu. Na mimi, ningedanganya nikisema nilishuku. Nilifurahi. Nilijiambia maabara ilikosea mara ya kwanza, au labda mkono wangu ulikutana na kona iliyoloa. Nilikuwa nikitaka mno iwe hivyo.

Shule zilipofungwa nikaenda kukaa na mama. Macho yake yalikuwa ya njano. Nilimpeleka hospitali Kitui, daktari akambonyeza tumbo upande wa kulia, kisha akageuka na kuniambia habari za ini lake kwa Kiingereza ili mama asisikie. Mama hakujua Kiingereza, lakini alinitazama usoni, na mimi uso wangu haujui kuficha kitu. Tulirudi nyumbani.

Nilipokuwa natafuta sufuria jikoni nikaona debe limefunikwa kwa sahani. Ndani mlikuwa na mahindi: yaliyovunjika, yenye madoa ya kijani, yenye vumbi jeusi kwenye kiini. Debe lilikuwa nusu. Kando yake ilikuwa ile beli ya unga, haijafunguliwa.

"Mwaitu, hii ni nini?"

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipumzika. Hakuficha. Alisema aliposikia ni nyumba yetu peke yake iliyo juu, aliona aibu, si kwa ajili yake bali kwa ajili yangu, kwamba wakubwa wa chuo watasema mwalimu wa kilimo mama yake anakula uchafu. Akakaa chini na uteo akachambua gunia zima kabla sijafika.

"Si ilitoka mzuri?" akauliza.

"Ilitoka mzuri. Na haya?"

"Hayo ni ya kula."

"Nilikuambia yana sumu."

"Chakula haitupwi. Mbaya ndio huliwa kwanza, isiharibike zaidi. Ile mzuri inangoja."

"Na unga?"

"Unga ni ya wageni."

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mama yangu kelele vile, na majirani walisikia. Nikabeba debe mpaka chooni nikamwaga lote, nikarudi nalo tupu nikaliweka mbele yake. Alilivuta debe karibu, akalipangusa ndani kwa leso yake, akalirudisha mahali pake.

Nilitoka uani nikampigia mwalimu wa Kambu. Nilimweleza yote, nikalia, naye akaacha nilie. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini kuhusu grafu, kwa maana nilitakiwa kuituma wiki hiyo.

"Niweke gani, dada? Yenye kitone cha mama juu ama hii safi?" nikauliza.

"Weka ile mama iko juu. Na usikate hiyo juu."

"Hizo zingine hazitaonekana."

"Wacha zisionekane."

Msimamizi aliirudisha mara mbili, nami nikamtumia ile ile mara tatu. Sijui kama nitapita. Nilizunguka tena kwenye maboma niliyopita mwanzoni, safari hii bila fedha na bila mifuko, nikiwaambia watu wachambue mahindi na wamwage kinachotoka, wasile wala wasiwape mbuzi. Walinisikiliza vizuri. Katika kila nyumba walinipa kiti, na wengi walinipikia.

Nilipomaliza nikarudi kwetu, na mama akafungua unga kwa mara ya kwanza. Akasonga ugali mdogo, akaniwekea kwenye sahani ya maua iliyokuwa kabatini tangu nikiwa mtoto, ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Yeye akakaa kando, akasema ameshakula. Nilimuuliza amekula nini, akasema ameshakula tu.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu niliamka mapema nikachukua uteo ukutani nimchambulie kunde. Aliinuka polepole, mkono mmoja ukutani, akauchukua kutoka mapajani mwangu.

"Wacha nitafanya," akasema. "Wewe pumzika. Umetoka mbali."