Mashimo ya Mahindi Juu ya Barafu

Wa kulaumiwa ni wawili, na nitaanza na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyeipiga barafu kwa kisigino mara tatu akasema, "Shemeji, hii inabeba lori." Kisha akaingia kwenye gari, akaahidi kunichukua saa nane mchana, akaenda kutazama mpira.

Tulikuwa watu saba kwenye apatimenti ya vyumba viwili pale Laurel, huku ughaibuni. Mimi nilitaka tu mahali pa kupumua. Shemeji alikuwa amenunua vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama: keekee ndefu ya kuzungusha kwa mkono, uzi na ndoana. Baridi ya mwaka ule ilikuwa imegandisha bwawa moja upande wa kwenda Bowie, nyuma ya shamba lililoachwa.

Sasa mimi ni mtu wa shamba. Shule niliishia darasa la tano, nikashika jembe. Shimo la kwanza halikutoa kitu, nikatoboa la pili hatua moja mbele, na la tatu, na la nne, mstari umenyooka, vile tulivyochimba mashimo ya mahindi nyumbani. Hata nilijisifu. Nilipofika la tisa, barafu ikapasuka kutoka shimo hadi shimo kama unavyochana stempu, mguu wa kulia ukazama mpaka pajani. Kipande kilichoinama kikarudi, kikanibana. Gambuti likajaa maji.

Nikavuta. Wapi! Nikatoa simu kifuani, nikampigia shemeji.

"Shemeji! Samaki wameshika?"

"Nimeshikwa mimi. Mguu umenasa kwenye barafu. Njoo!"

"Acha mchezo, bwana."

"Njoo, nakufa!"

"Basi piga nain-wan-wan, waje waokoaji."

"Na makaratasi ya kukaa nchini sina?"

Nyuma yake nikasikia watu wakishangilia goli. "Vumilia kidogo," akasema. "Zimebaki dakika ishirini tu."

Wa pili ni wakili. Alilikalia faili langu la kuomba kibali cha kukaa mpaka tarehe ikapita, halafu akahamisha ofisi bila kuniambia. Tangu hapo kila mwenye sare nilimwona kama amekuja kunipandisha ndege. Pale kwenye barafu nilibonyeza zile tarakimu tatu, nikaweka kidole gumba juu ya kitufe cha kijani, nikazifuta. Nikabonyeza tena. Nikafuta tena.

Mama mmoja mzungu akatokea kando ya bwawa na mbwa wake. Akapaza sauti kuuliza kama niko salama. Wakati huo mguu nilikuwa siusikii tena. Nikajua nikimwambia ukweli atapiga simu, na watakaokuja watakuja na maswali. Nikainua mkono, nikatabasamu. "Okay! Okay!" Kama mtu aliyekaa zake kwa starehe. Akasitasita, akapunga mkono, akaondoka. Nilimtazama mpaka koti lake jekundu likapotea kwenye miti, na hapo ndipo nilipolia.

Keekee ilikuwa karibu. Nikaivuta, nikatoboa kandokando ya paja langu mwenyewe, shimo baada ya shimo, mpaka kile kipande kikavunjika. Gambuti lilibaki chini huko. Nikatambaa kwa tumbo hadi nchi kavu, nikafunga mguu kwa koti, nikangoja.

Shemeji alifika saa nane kamili. Timu yake ilikuwa imeshinda.

Mke wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza wazee, alinihudumia jikoni. Alipoona vidole viwili vimekuwa vyeusi alisema, "Baba watoto, twende hospitali." Nikakataa. Huko nako wangeuliza. Vile vidole vilikauka, vikaanguka.

Makaratasi niliyapata miaka mingi baadaye, kwa wakili mwingine. Shemeji bado anakisimulia kisa hiki kwenye harusi zetu, jinsi mkulima alivyokwenda kupanda mahindi juu ya maji, na watu wanashika mbavu. Nasubiri amalize. Kisha navua kiatu, navua na soksi, naweka mguu juu ya kiti karibu na sahani yake.