Hatua ya Kwanza ni ya Mzazi

Darasa la watoto wadogo kabisa, wale ambao kamasi kwao ni sehemu ya uso, lilikuwa lake. Wazazi walimwita Ticha Pole, kwa sababu mtoto akianguka hakumwambia nyamaza, alimwambia pole. Na akiangukia tena ukuta uleule, alipewa pole nyingine isiyopungua hata chembe. Aliwanywesha uji, akawafuta, akawaamulia ugomvi wa kijiko, akawalaza kwenye vigodoro vya plastiki huku akiwapigapiga mgongoni, mmoja kwa mkono wa kulia, mwenzake kwa wa kushoto, na wa tatu akimtikisa kwa mguu. Halafu utamsikia mtu mzima na akili zake akisema kazi ya walimu hawa ni kucheza na watoto. Huyo mtu apewe darasa lile asubuhi moja tu, tena siku ya mvua, ndipo tuongee.

Mkuu wa shule, mama mnene wa sauti na mwembamba wa huruma, alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: hatua ya kwanza ni ya mzazi. Mtoto akisimama darasani akatembea kwa mara ya kwanza maishani mwake, mwalimu hakuona kitu. Jioni, getini, atamkabidhi mtoto kwa mama yake na kusema, "Mwangalie sana leo. Naona yuko karibu." Kesho yake mama atakuja mbio, kiatu hakijakaa vizuri mguuni: "Ticha, ametembea, nimemwona mwenyewe." Na Ticha Pole atapiga makofi na kushika mdomo kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Alikuwa hodari wa uongo huo kuliko walimu wote.

Wa kwake mwenyewe hawakumsubiri. Wavulana wawili, sasa wana ndevu, walitembea mchana yeye akiwa kazini, na kila mara jirani alimtangazia kabla hajafika mlangoni, kama anayemwambia maji yamekatika. Lilimuuma, akameza. Kisha, akiwa ameshagawa nguo zote za kichanga, akapata mimba nyingine, akajifungua kitinda mimba wa kike. Akaapa kwamba huyu atamwona kwa macho yake.

Aliomba aje naye darasani. Mkuu akakataa. "Mwalimu akileta wake, macho yatakuwa kwa wake tu. Wazazi hawanilipi kwa hilo." Basi mtoto akabaki nyumbani na wifi wa mwalimu, dada wa mumewe, mwanamke mpole asiye na mtoto, aliyembeba tangu asubuhi hadi mwalimu arudi na mgongo unaowaka moto.

Kosa mwalimu alilifanya mezani. Jioni moja ya vicheko aliwasimulia lile sharti la shule, akawaigizia mama wa kiatu kisichokaa, akajiigiza mwenyewe akishika mdomo. Mumewe alicheka mpaka akapaliwa.

"Kwa hiyo nyie ni waongo wa kuajiriwa," wifi akasema, akijifuta machozi.

"Uongo mtamu huo, wifi. Ukweli ungemsaidia nini yule mama?"

Wote wakakubali kwamba usingemsaidia kitu.

Haukupita muda, mtoto akaanza kusimama kwa kushika kiti. Mwalimu akaomba ruhusa ya siku chache, akaambiwa hakuna wa kumshikia darasa. Kila jioni alirudi nusura akimbie, na kabla ya kuvua viatu aliuliza, "Vipi?" Wifi alijibu, "Bado." Mpaka jioni moja wifi alimpokea mlangoni, akakwepa kumtazama usoni, akasema, "Mwangalie sana leo. Naona yuko karibu."

Maneno aliyatambua pale pale. Hata hivyo alikaa sakafuni, akafungua mikono, na mtoto akaachia kiti, akaja.

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Yeye alikuwa amewaona wengi mno. Mtoto wa hatua ya kwanza huja mikono juu, miguu imetanuka, anajishangaa mwenyewe, na mwisho wa safari yake ni makalio chini. Huyu alikuja mikono imeshuka. Alizunguka ndoo, akainama akaokota kijiko, akainuka nacho, akaendelea na shughuli zake. Alikuwa mzoefu wa siku nyingi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mwalimu alikuwa amekichimba chake huku anacheka.

Wifi alisimama pembeni akisokota pindo la nguo yake. Alikuwa amefanya kwa upendo mtupu, na hilo ndilo lililouma zaidi, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Mwalimu akapiga makofi. Akashika mdomo.

"Ametembea, wifi. Nimemwona mwenyewe," akasema, na sauti ilitoka vizuri kabisa.

Wiki ileile, mtoto wa nesi mmoja alitembea darasani, kutoka dirishani hadi kwenye paja la mwalimu, mikono juu. Jioni nesi akafika getini kutoka zamu, macho mekundu kwa uchovu. Ticha Pole alimkabidhi mtoto, akafungua mdomo kwa yale maneno, yakagoma. Hakutaka mama mwingine achezeshwe mchezo ule kama alivyochezeshwa yeye.

"Ametembea leo," akasema. "Ameanzia dirishani."

Nesi hakukasirika; angekasirika, ingekuwa nafuu. Alisimama tu, mtoto begani, uso ukimshuka.

"Na kaka yake pia alianzia hapa, sivyo?" akauliza. "Ukanipigia makofi."

Mwalimu akamfuta mtoto kamasi.

"Nilijua, ticha. Siku ile nyumbani alikuwa karibu anakimbia. Lakini nilikushukuru." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Sasa huyu, kwa nini umeniambia?"

Mwalimu alitafuta jibu, akakuta ana neno moja tu, lile analowapa wote wanaoanguka. Akalisema. Nesi akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na nyuma yake mama mwingine alikuwa ameshanyoosha mikono kumpokea wake.